Mkuki ni Uleule

Jumamosi iliyopita niliombwa kuzungumza na vijana wa misikiti na makanisa ya mtaa wetu hapa Tanga kuhusu Wapalestina na Waisraeli. Mvua ilizuia wengi wasifike, na tangu siku hiyo wananiomba maneno yale. Nayaweka yote kama nilivyoyasema. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

*

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Vijana, hamjambo?

Nianze barazani. Wengi wenu mnanijua, na mnajua kila jioni baada ya magharibi nakaa wapi, nakunywa kahawa na nani. Oktoba mwaka 2023 zilifika habari kwamba vijana wawili wa Kitanzania, waliokwenda Israel kujifunza kilimo, hawajulikani walipo tangu wapiganaji wa Hamas kutoka Gaza walipoishambulia Israel tarehe 7. Vijana wa umri wenu. Mwenzetu mmoja pale barazani akauliza, "Na wao walifuata nini kule?" Sikumjibu. Niliinama nikaendelea na kikombe changu.

Wiki chache baadaye, kwenye kundi la WhatsApp ambalo na mimi nimo, mtu alituma picha ya mtoto wa Gaza anatolewa chini ya kifusi, mweupe kwa vumbi kichwa mpaka miguu. Chini yake aliandika neno moja: "Wamevuna." Huyo naye sikumjibu.

Nilifundisha historia miaka thelathini na zaidi. Nimewaambia watoto wa watu waseme ukweli. Na mara mbili ndani ya miezi miwili nilinyamaza, mara ya kwanza kwa kumwogopa rafiki, mara ya pili kwa kuwaogopa watu hata nisiowajua sura. Kunyamaza kule ndiko kulikonileta mbele yenu leo.

Vijana wale wote wawili waliuawa siku ileile. Mmoja mwili wake ulirudi nyumbani mwaka uleule, akazikwa. Wa pili mwili wake ulibaki Gaza zaidi ya miaka miwili, mpaka Novemba 2025. Miaka miwili mzazi anangoja maiti! Halafu sisi tuko barazani tunauliza alifuata nini.

Ndugu zangu, tumeufanya msiba wa watu kuwa Simba na Yanga. Bajaji hii ina bendera ya Israel, ile ina bendera ya Palestina, na madereva wao wote ni watoto wa mtaa mmoja ambao hawajawahi kufika huko. Mkristo anaona akimhurumia mtoto wa Gaza amelisaliti taifa teule. Mwislamu anaona akimlilia bibi wa Kiyahudi aliyeuawa kwake amewasaliti ndugu zake. Nani alitufundisha kwamba machozi ni kura, ukimpa huyu huwezi kumpa yule?

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi naomba tulale kidogo kwenye kitanda kile. Tuanze na kunguni wa karibu na nyumbani.

Mwaka 1903, mjini Kishinev, katika dola ya Urusi, Wayahudi waliuawa, wanawake wakabakwa, nyumba na maduka yakavunjwa. Mwaka uleule serikali ya Uingereza iliwaambia viongozi wa Kizayuni, yaani Wayahudi waliotaka Wayahudi wapate nchi yao wenyewe: tunaweza kuwapa ardhi Afrika Mashariki. Wenyewe waliuita mpango wa Uganda, lakini ardhi iliyokusudiwa ni Uasin Gishu, kule iliko Eldoret leo. Wanandi na Wamasai waliokuwa wakilisha ng'ombe pande zile hawakuulizwa neno. Mwaka 1905 Wazayuni wenyewe wakalikataa wazo hilo, likafa.

Je, kama lisingekufa? Nataka ulione jambo hili kwa macho mawili. Kwa jicho la kwanza, wewe ni Myahudi wa Kishinev, umemzika mama yako, mtu anakwambia kuna mahali utalala bila kuogopa mlango kugongwa. Hutapanda meli? Mimi ningepanda. Kwa jicho la pili, wewe ni Mnandi, unaamka asubuhi unakuta watu waliokimbia mauti wanapima malisho yako kwa kamba, na karatasi wanayo, imetiwa saini London. Utawakaribisha? Mimi nisingewakaribisha. Mtu yuleyule mmoja, mimi, nimepanda meli na nimewazuia walioshuka. Mkilielewa hilo la Uasin Gishu, mmeielewa Palestina kuliko wengi wanaopiga kelele mitandaoni.

Sasa twendeni kwenye nyumba moja. Naomba mnivumilie hapa, maana habari hii ni ndefu na sitaki kuikata.

Katika mji wa Ramla, mwaka 1936, Mpalestina mmoja aitwaye Ahmad Khairi alijenga nyumba ya mawe kwa ajili ya familia yake. Nyuma, uani, kukawa na mlimau. Mwanawe Bashir alizaliwa katika nyumba hiyo. Mwaka 1948 vita vikaja. Julai ya mwaka huo jeshi la Israel liliiteka miji ya Ramla na Lydda, na wakazi wake makumi ya maelfu wakatolewa, wengi wakatembea kwa miguu juani kuelekea Ramallah. Katika vita vile Wapalestina wapatao 700,000 walipoteza makwao. Wao wanauita mwaka ule Nakba, yaani janga. Wengi waliondoka na funguo za nyumba zao mfukoni, kwa sababu walidhani ni safari ya wiki mbili. Zipo familia ambazo mpaka leo funguo hizo zinarithiwa, bibi anampa mjukuu. Bashir alikuwa na miaka sita.

Novemba mwaka uleule meli ikaleta Wayahudi kutoka Bulgaria. Miongoni mwao walikuwemo mume na mke wa ukoo wa Eshkenazi na kitoto chao cha miezi kumi na mmoja, Dalia. Mnajua Wayahudi wa Bulgaria walivyonusurika? Mwaka 1943 mpango wa kuwapeleka kwenye kambi za mauti za Wanazi ulikuwa umekamilika. Wabunge, maaskofu wa Kiorthodoksi na raia wa kawaida wakapinga, mpaka mpango ukasimama. Karibu watu 50,000 wakabaki hai. Kwingineko Ulaya Wayahudi milioni sita waliuawa. Familia ile ikafika Ramla, ikapewa nyumba tupu ya mawe yenye mlimau uani. Dalia alikulia humo, akila malimau ya mti ule. Aliambiwa kwamba Waarabu waliokuwa wakikaa hapo walikimbia. Baadaye alianza kujiuliza: mtu anakimbiaje akaiacha nyumba nzuri namna hii?

Mwaka 1967, baada ya vita vya siku sita, Israel iliukalia Ukingo wa Magharibi, na kwa mara ya kwanza tangu 1948 mtu wa Ramallah aliweza kupanda basi akaenda Ramla. Bashir na binamu zake wawili wakapanda. Walikwenda kutafuta nyumba zao. Kwa binamu wa kwanza walifukuzwa mlangoni. Nyumba ya pili waliikuta imegeuzwa shule. Wakafika ya tatu, Bashir akabonyeza kengele.

Aliyefungua ni binti wa miaka kumi na tisa. Wanaume watatu wageni, Waarabu, wamevaa suti katika joto lile, na vita vimekwisha juzi. Bashir akamwambia kwamba nyumba hii ilikuwa ya baba yake, akaomba kuingia kuiangalia tu. Ewe dada uliyekaa pale nyuma, ungekuwa peke yako nyumbani, ungefungua?

Dalia alifungua. Wakazunguka chumba kwa chumba kama watu walioingia msikitini. Wakaenda uani, wakauona mlimau.

Baadaye Bashir alimleta baba yake. Mzee Ahmad alikuwa ameshapofuka. Akaiingia nyumba aliyoijenga, akapapasa mawe ya ukuta. Akauliza mlimau bado upo? Wakampeleka uani, akalikumbatia shina, machozi yanamtoka bila sauti. Baba yake Dalia, Myahudi aliyeponea chupuchupu kule Bulgaria, akachuma malimau akamtia mzee mwenzake mkononi.

Nitairudia nyumba hii. Maana hapa ndipo wengi huisimamisha, wakafuta machozi, wakaenda zao. Kumbe haijaisha, na inakokwenda ni kuchungu.

Najua kuna kijana hapa moyoni anasema, "Mwalimu, unawaweka sawa." Nimekuona unatikisa kichwa. Hapana, mwanangu, siwaweki sawa. Kuna upande wenye jeshi, ndege na vizuizi vya barabarani, na kuna upande unaoamka alfajiri kupanga foleni kwenye vizuizi hivyo. Ukaliaji ule una umri kuliko wengi wenu humu. Tarehe 7 Oktoba 2023 waliuawa watu wapatao 1,200 ndani ya Israel, wengi wao raia, na 251 wakachukuliwa mateka. Ule ulikuwa uovu, sitafuti neno jingine. Vita vilivyofuata vimeua zaidi ya watu 60,000 Gaza kwa hesabu ya Wizara ya Afya ya huko, maelfu kwa maelfu ni watoto. Huo nao ni uovu, na hapo pia sitafuti neno jingine. Mimi nina msimamo wangu: naamini Mpalestina hataishi kwa heshima mpaka ukaliaji uondoke. Na msimamo huo haunipi ruhusa ya kutomwona aliyelala kwenye jeneza la upande wa pili.

Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Tumeisema methali hii tangu utotoni. Itazameni vizuri. Je, mkuki umebadilika? Haukubadilika. Mkuki ni uleule. Nyama inayochomwa ni ileile, damu ni ileile. Kilichobadilika ni jina tu la anayechomwa. Kwa hiyo anayetaka mkuki wake uwe mtamu, kazi yake ya kwanza ni nini? Ni kubadili jina. Amwite mwenzake nguruwe kwanza, mengine yatafuata.

Oktoba 9, mwaka 2023, Waziri wa Ulinzi wa Israel, Yoav Gallant, alipotangaza kuizingira Gaza kabisa, umeme, chakula, mafuta, alisema wanapigana na wanyama-watu. Kabadili jina. Mkataba wa Hamas wa mwaka 1988 haukulaumu jeshi na serikali tu, uliwabebesha Wayahudi, kama Wayahudi, lawama ya mapinduzi na vita vya dunia nzima. Umebadili jina. Na sisi tusijitoe. Nani hapa hakumbuki mwaka 1994? Kule Rwanda redio ya RTLM ilikuwa ikiwaita Watutsi mende, "inyenzi", siku baada ya siku. Miili ikaelea mto Kagera mpaka Ziwa Victoria. Watu robo milioni wakavuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Lilianza jina, panga likafuata.

"Wamevuna." "Walifuata nini kule?" Nayo hayo ni majina.

Niwape sasa habari ya baba wawili, kwa sababu hawa walikataa kubadili jina wakati walikuwa na kila haki ya kulibadili.

Rami Elhanan ni Mwisraeli wa Jerusalem. Tarehe 4 Septemba 1997 Wapalestina waliojifunga mabomu walijilipua katika barabara ya Ben Yehuda. Bintiye Smadar, aliyebakiza siku chache kutimiza miaka kumi na minne, alikuwa pale, akafa. Rami anasimulia mwenyewe kwamba karibu mwaka mzima hasira ilikuwa chakula chake. Ndipo mtu mmoja aliyefiwa kama yeye, ambaye mwanawe alitekwa na kuuawa na Hamas, akamwalika kwenye mkutano wa jumuiya iitwayo Parents Circle. Ni jumuiya ya wazazi na ndugu wa Kiisraeli na Kipalestina waliofiwa katika mgogoro huu. Rami akaenda ili akae pembeni atazame. Akaona basi limefika, Wapalestina wanashuka, akiwamo mama mmoja aliyevaa nguo nyeusi ndefu, kifuani ameshika picha ya mtoto. Rami alikuwa na miaka arobaini na saba. Anasema ndiyo mara ya kwanza maishani mwake kukutana na Wapalestina kama binadamu, mbali na wale vibarua aliokuwa akiwaona mitaani. Arobaini na saba! Na alizaliwa mji uleule.

Bassam Aramin ni Mpalestina. Akiwa na miaka kumi na saba alifungwa jela ya Israel kwa kushiriki kulishambulia jeshi, akakaa miaka saba. Humo jela siku moja waliwekewa filamu kuhusu mauaji ya Wayahudi Ulaya. Kwa maelezo yake mwenyewe, alikaa kuitazama afurahi, awaone wakifa. Baada ya dakika chache alijikuta analia, na anawaficha wafungwa wenzake machozi. Alitoka, na baadaye, mwaka 2005, akawa miongoni mwa walioanzisha kikundi cha wapiganaji wa pande zote mbili walioweka silaha chini. Humo ndimo alimofahamiana na Rami.

Januari 2007, bintiye Abir, miaka kumi, alikuwa nje ya shule yake kijijini Anata, ametoka kununua peremende. Askari wa mpakani wa Israel akafyatua risasi ya mpira. Ilimpata nyuma ya kichwa. Akafa baada ya siku mbili.

Sasa jiwekeni pale. Umeshaacha silaha. Umeshasema hadharani kwamba adui ni mtu. Halafu adui huyo kamuua mwanao mkononi ana pipi. Kuna mtu hapa angekulaumu ukirudi kuichukua bunduki? Mimi nisingekulaumu. Bassam hakurudi. Alikwenda mahakamani, akapambana miaka, mpaka mahakama ya Israel ikatamka kwamba dola inawajibika kwa kifo cha mtoto yule. Akajiunga na jumuiya ya wafiwa aliyokuwamo Rami. Waliokuwa wanajeshi wa Israel wapatao mia moja wakaenda Anata, wakajenga kwa mikono yao uwanja wa kuchezea watoto katika shule ya Abir. Na baba hawa wawili wamezunguka dunia wamekaa meza moja, kila mmoja akimtaja mtoto wa mwenzake kwa jina.

Wapo wengine, nitawapitia upesi. Daktari Izzeldin Abuelaish wa Gaza, aliyekuwa akiwatibu wanawake katika hospitali za Israel: Januari 16, 2009, kombora la kifaru liliua binti zake watatu na binti wa ndugu yake. Alimpigia simu mtangazaji Mwisraeli aliyekuwa hewani, na Waisraeli majumbani mwao wakasikia baba analia kwa Kiebrania na Kiarabu. Amekataa kuchukia mpaka leo. Na Vivian Silver, bibi wa miaka 74 wa kibutzi, yaani kijiji cha ujamaa, cha Be'eri, aliyekuwa akiwachukua wagonjwa wa Gaza mpakani kwa gari lake na kuwafikisha hospitali. Tarehe 4 Oktoba 2023 alikuwa pamoja na wanawake wa Kiisraeli na wa Kipalestina waliokusanyika kudai amani, kwa kuwa uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Siku tatu baadaye aliuawa nyumbani kwake. Ilipita zaidi ya mwezi mzima watu wakidhani yu mateka. Mwanawe, Yonatan, ameichukua kazi ya mama yake.

Msiniambie watu hawa hawajui. Sisi ndio hatujui.

Turudi Ramla nimalize.

Februari 1969 bomu lililipuka katika duka kubwa mjini Jerusalem, wanafunzi wawili wakafa. Bashir alishtakiwa, akahukumiwa, akakaa jela miaka kumi na mitano. Mikono iliyopokea malimau! Dalia alikata mawasiliano. Nani angemlaumu? Bashir alitoka mwaka 1984. Wazazi wa Dalia walipofariki, nyumba ikawa mikononi mwa binti. Akamtafuta Bashir akamwuliza: tuifanyeje nyumba hii? Bashir akasema anataka watoto wa Kiarabu wa Ramla wapate humo utoto alioukosa yeye. Mwaka 1991 nyumba ikawa shule ya chekechea na mahali pa kukutania vijana wa Kiarabu na wa Kiyahudi.

Walikubaliana? Hapana. Bashir alishikilia kwamba kila mkimbizi arudi kwenye nyumba yake. Dalia aliona hilo likitimia lote, watu wake hawatakuwa na nchi. Walibishana miaka na miaka, na kwenye neno hilo hawakukutana. Vijana, mnaofikiri kumwona mtu ni kukubaliana naye, litafakarini hilo.

Januari 1988 Israel ilimfukuza Bashir na kumpeleka Lebanon. Dalia aliandika barua ya wazi gazetini, akisimulia nyumba, mlimau, bomu, na akiomba Bashir asifukuzwe. Bashir akamjibu kutoka Lebanon. Katika jibu lile alimwuliza kama anajua jambo hili: alipokuwa mtoto Gaza, familia yake ikiwa ukimbizini, aliokota kichezeo kilichotegwa bomu. Kilimlipukia, kikamchukua vidole vinne na kiganja cha mkono wa kushoto.

Dalia alikuwa amemfahamu zaidi ya miaka ishirini. Alimfungulia mlango, alimkalisha, alimpa chakula, alimchukia, alimtetea. Kumbe muda wote huo Bashir alikuwa ameutia mkono wa kushoto mfukoni, na Dalia hakuwahi kuuona.

Ahsanteni sana. Tuanze maswali, na naomba wa kwanza awe yule aliyekuwa akitikisa kichwa.